Bei ya Kusomwa Bure

Ujumbe wa kukubaliwa makala ulimkuta Mwanahawa dukani kwa baba yake, Kasulu mjini, akiwa juu ya ngazi anamshushia mteja beseni. Simu iliita mfukoni, akaitoa, akaanza kusoma hukohuko juu. Yule mteja, mama mwenye haraka zake, ilibidi aulize mara ya pili kama beseni anapewa au hapewi.

"Baba, wameikubali!"

Mzee Mansuri alikuwa nyuma ya kaunta anakata kamba ya manila. "Nani kakubali nini?"

"Jarida. Wameikubali makala yangu, ile ya maharage."

"Alhamdulillahi. Haya, shuka kwanza, usije ukatuangukia na habari njema yako."

Mwanahawa alikuwa mkufunzi katika chuo kidogo cha kilimo palepale Kasulu. Utafiti wake wa shahada ya uzamili aliufanyia Murungu, upande wa Kibondo, juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba ya nyanda zile: maharage yanavunwa mazuri, yanawekwa ndani, na baada ya muda ukitia mkono kwenye gunia unatoka na unga na wadudu. Yeye na akina mama wa Murungu walijaribu kuyahifadhi kwenye madumu ya mafuta ya kula yaliyokwisha kutumika. Maharage yakaushwe vizuri, dumu lioshwe likauke, lijazwe mpaka mdomoni pasibaki hewa, kifuniko kizibwe kwa sabuni ya kipande. Wadudu walikosa pumzi wakafa, na mbegu zilipopandwa zikaota. Dumu lililojazwa nusu halikusaidia kitu. Ukiondoa majedwali, makala yote ilikuwa ni hiyo, lakini kuiandika mpaka ikakubalika na jarida la nje linaloheshimika kulimchukua muda mrefu kuliko kulima maharage yenyewe.

Alasiri ile aliurudia ujumbe kwa utulivu, na chini yake akakuta jambo ambalo furaha ilimfanya aliruke. Alitakiwa kuchagua. Akipenda, asilipe chochote, na makala ifungwe: atakayetaka kuisoma ainunue, au awe kwenye chuo kilicholipia jarida. Au alipe yeye mwandishi dola elfu moja na mia nane, makala iwe huria, yaani mtu yeyote mwenye simu aifungue na kuisoma bila kuombwa senti, sasa na siku zote. Alipewa wiki mbili za kujibu.

Alimweleza baba yake. Mzee Mansuri aliweka kisu chini. Alikuwa ameuza vyombo na vifaa vya ndani maisha yake yote, kama baba yake aliyekuja Kasulu kutoka Bagamoyo, na habari yoyote yenye bei ndani yake ilimkaza masikio.

"Ngoja nielewe. Maharage umeyapima wewe."

"Mimi na akina mama wa Murungu."

"Ukaandika wewe."

"Mimi na Daktari Nkunzimana, msimamizi wangu."

"Jarida limewalipa kiasi gani?"

"Jarida halimlipi mwandishi, Baba."

"Na wale waliokukagua? Wale waliokurudishia kazi mpaka ukagoma kula?"

"Nao hawalipwi. Ni wasomi wenzetu, wanajitolea."

"Kisha jarida linauza."

"Linauza."

"Na wewe usipotaka iuzwe, unawalipa."

"Ndiyo, Baba."

Mzee Mansuri akatazama barabarani, akamrudia binti yake. "Mwanangu, miaka yote hii nimehangaika na mabeseni. Hao watu nawaonea wivu kweli."

Mwanahawa alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Lakini usiku ulipoingia kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa na akiba ya kununulia pikipiki, ili aache kuomba lifti kila anapokwenda kwa wakulima. Hata akiitoa yote isingefika hata nusu ya ile bei.

Asubuhi alimpigia Daktari Nkunzimana, Morogoro. Alikuwa mtu mwema, mtoto wa wazazi waliotoka Burundi, amekulia Kasulu hiihii, na hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Chagua ya kufungwa," alisema. "Jina la jarida ni lilelile. Ukiomba kupandishwa cheo, hakuna atakayekuuliza kama ilikuwa wazi au ilifungwa. Mfuko wa chuo kwa mwaka huu umekauka, vinginevyo ningekusaidia."

"Na watu wa Murungu, Daktari?"

"Mwanahawa, watu wa Murungu hawasomi Kiingereza. Unataka kulipia mlango ambao hakuna atakayeupita."

Maneno yale yalimuuma kwa sababu yalikuwa na ukweli. Alijibu kwamba maafisa ugani wanasoma, walimu wanasoma, na yeye mwenyewe angeandika muhtasari wa Kiswahili. Daktari alivuta pumzi. "Basi ungeomba punguzo. Kwa nchi kama yetu huwa wanapunguza, ila huombwa siku unapotuma makala. Hukuomba?"

Hakuomba. Hakujua kama kuna kuomba.

Jumamosi akaenda Kibondo, akashukia Murungu. Hakwenda kuomba ushauri. Alitaka tu kuwapa habari wale waliofanya nao kazi, na wa kwanza alikuwa Theodosia Niyubahwe, aliyezoeleka kuitwa Mama Ange, ambaye chumba chake cha nyuma ndicho kilichotunza madumu yote misimu miwili. Alimkuta uani, mkeka umetandikwa, anachambua maharage.

"Mwiriwe, mama."

"Mwiriwe neza, mwalimu! Kaa hapa, kivuli kimeshahamia huku."

Mama Ange aliposikia kwamba makala imekubaliwa alipiga kigelegele peke yake, jirani akachungulia kwenye ua kuuliza kuna nini. Kisha Mwanahawa akamweleza habari ya njia mbili.

"Sasa shida iko wapi?" Mama Ange alisema. "Chukua ya bure."

"Ya bure ni bure kwangu mimi. Mkitaka kuisoma nyinyi, mtalipa."

"Sisi? Maharage yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo sasa ni bure gani?" Akarudi kuchambua, vidole vinakwenda vyenyewe. Baada ya kitambo akasema, bila kinyongo, kama anayesimulia habari za mvua ya zamani: "Kabla yako walikuja wengine, kuhusu mbegu. Watu wazuri, tulikula nao. Wakaandika majina, wakapiga picha, wakaenda. Ange alipokuwa chuo cha uuguzi aliitafuta kazi yao kwenye simu, akaipata. Juu imeandikwa Murungu, kabisa. Chini yake kuna kufuli, na bei. Akaniuliza, 'Mama, tufanyeje?' Nikamwambia achana nayo, labda walitusema vizuri."

Mwanahawa aliinama akaanza kuchambua naye, akitupa pembeni yaliyopasuka.

"Lakini usilipe kwa ajili yetu ukakosa kula," Mama Ange aliongeza. "Nakwambia kweli. Maharage tunayo, na dumu tunajua kuliziba. Hiyo ya kusoma ni ya wale wasiotujua."

Ni hilo la mwisho lililomwamulia. Njiani akirudi, gari likishuka na kupanda vilima, alijikuta anawaza wasiowajua: mwanamke wa ng'ambo ya mpaka, Cankuzo huko Burundi, mwenye gunia limejaa unga; mkufunzi mwenzake wa chuo kama chake, anayetafuta kitu cha kuwafundishia vijana na kila anachokifungua kinamwomba dola. Yeye mwenyewe alikuwa mkufunzi huyo. Makala ngapi alizisoma nusu ukurasa, akakisia kilichobaki?

Akamwandikia mhariri. Alieleza kwamba utafiti haukufadhiliwa na mtu, ameufanya kwa mshahara wake, na kwamba nafasi ya kuomba punguzo ilimpita kwa kutojua. Hakujiliza. Alieleza tu mambo yalivyo, na mwishoni akasema makala inahusu watu ambao wangependa kuisoma.

Siku zilizofuata Mzee Mansuri alikuwa akifungua duka tu anauliza, "Wamejibu?" kama mtu anayesubiri mzigo. Jibu lilikuja katikati ya wiki. Kanuni, waliandika, zinataka ombi lije mwanzoni. Hata hivyo, kwa kuzingatia maelezo yake, watamwondolea nusu.

"Nusu!" Mwanahawa alimkumbatia baba yake.

"Nusu ya kwanza," alisema Mzee Mansuri. "Sasa rudi tena."

"Baba, hiki si kitenge."

"Chenye bei chote ni kitenge. Umeomba, wamepunguza; maana yake bei ya mwanzo haikuwa bei. Rudi tena kwa adabu."

Aliona aibu kweli, lakini akarudi. Jibu la safari hii lilikuja siku ileile, la heshima na fupi: wanasikitika, hapo ndipo mwisho. Mwanahawa alilisoma kwa sauti akitegemea baba yake atakunja uso. Mzee Mansuri aliridhika kabisa. "Vizuri. Sasa ndiyo bei," alisema, akaingiza mkono chini ya kaunta na kujazia kile kilichopelea kwenye akiba ya pikipiki. Mwanahawa alipotaka kukataa, akamwambia asimcheleweshe, kuna wateja.

Kulipa nako kukawa na vituko vyake. Kadi yake ya benki iligoma. Akajaribu tena kwa mtandao wa chuo, ikagoma. Baba yake akakumbuka kuna Abdalah, kijana wa rafiki yake wa zamani, fundi na muuza vifaa vya simu Kibondo mjini, ambaye huagiza vioo na betri kutoka China na kadi yake haijawahi kukataliwa popote. Mwanahawa akapanda gari tena.

Abdalah alimkaribisha ndani ya kibanda chake, akaondoa simu zilizofunguliwa matumbo juu ya kiti. Alipoelezwa, alikuna kidevu.

"Dada, nimeshalipia vitu vingi. Hiki kinakuja kwa meli au kwa ndege?"

"Hakiji. Kinabaki kulekule."

"Sasa unapata nini?"

"Kufuli linatolewa. Ukitaka kusoma utasoma, hata wewe hapo ulipo."

"Mimi?" Abdalah alimtazama kuona kama anamtania. "Kinahusu nini?"

"Kuhifadhi maharage kwenye dumu yasibunguliwe."

"Wallahi? Mama yangu kila msimu analia na hao wadudu." Akavuta kompyuta yake karibu. Walijaza fomu pamoja, yeye akisoma kila mstari kwa sauti na kuuliza unamaanisha nini, mpaka fundi wa kibanda cha jirani akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Kadi ilikubali. Mwanahawa akamhesabia fedha zake, na Abdalah, ambaye alikuwa ametaja kiasi kidogo cha usumbufu mwanzoni, hakukitaja tena.

Uthibitisho ulipoingia kwenye simu, Mwanahawa alisubiri ule mshtuko wa mtu aliyetoka kutumia akiba yake yote kwa mkupuo. Haukuja. Alichosikia ni njaa. Alivuka barabara akanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili, akaula amesimama pale stendi, jua la mchana likimpiga mgongoni, na ulikuwa mtamu sana.

Makala ilitoka baada ya wiki chache. Wa kwanza kumpigia ni Abdalah, anapiga kelele, "Imefunguka! Dada, imefunguka yote mpaka mwisho, na picha!" Mwanahawa alikuwa amemwomba mhariri waweke pembeni muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na wakauweka. Daktari Nkunzimana naye alipiga. Alisema amewagawia wanafunzi wake muhtasari ule, na mmoja wao, anayetoka Ngara, ameshaupeleka kwao kwa simu. "Sikudhani," alisema, na kwa Daktari hilo lilikuwa neno kubwa.

Jumapili moja akaenda Murungu. Mama Ange alikuwa ameomba kwa padri watu wabaki kidogo baada ya misa, na Mwanahawa akasimama kwenye uwanja wa kanisa, mtandio wake wa kijani kichwani, akasoma muhtasari kwa Kiswahili, Mama Ange akirudia kwa Kiha pale alipoona watu wanatazamana. Hakuna aliyelala. Mzee mmoja alinyoosha mkono kusema sabuni si lazima, yeye anaziba kwa nta ya nyuki na inashika zaidi; wakabishana, wanaotetea sabuni na wanaotetea nta, mpaka katekista akaomba wasikilizane.

Mwishoni Mwanahawa alifungua makala yenyewe kwenye simu ya Ange, aliyekuja kutoka hospitali anakofanya kazi kwa ajili hiyo, akaishusha hadi kwenye shukrani. Majina ya akina mama yalikuwapo, yote. Ange alimwonyesha mama yake kwa kidole. Mama Ange aliitwaa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu herufi kwa herufi.

"Niyubahwe," alisema. "Wameliandika sawasawa. Kwenye cheti changu cha ubatizo waliruka herufi."

"Na hapa hawakuruka."

"Hawakuruka." Akamrudishia mwanawe simu, kisha akaiomba tena.

Toka hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo Mwanahawa hakuipanga. Watu wengi walikuwa na madumu lakini vifuniko vilishapotea zamani, na Mzee Mansuri, aliposikia, aliagiza vifuniko peke yake, akavimaliza, akaagiza vingine. Alianza kuwaeleza wateja kuhusu hewa na wadudu kama mtu aliyefanya utafiti mwenyewe. Binti yake alimsikiliza akiwa nyuma ya rafu, asimsahihishe ila pale alipozidisha.

Makala yenyewe ilikuwa kimya. Kwenye ukurasa wa jarida palikuwa na namba ya waliofungua, na Mwanahawa alikuwa akiichungulia zaidi ya anavyopenda kukiri. Ilipanda pole pole. Hakujua ni akina nani.

Kisha siku moja, anapanga sufuria dukani, simu ikaita, namba asiyoijua.

"Naongea na mwalimu Mwanahawa Mansuri? Naitwa Felisiani, afisa kilimo wa kata, huku Kakonko. Namba yako nimeipata chuoni. Samahani kwa usumbufu."

"Bila samahani. Karibu."

"Nimesoma makala yako. Yote, siyo muhtasari. Nimeichapa ofisini." Karatasi zilisikika zikipinduliwa. "Jedwali la tatu silikubali."

Mwanahawa aliweka sufuria chini. "Kwa nini?"

"Nimejaribu na wakulima wangu kama ulivyoandika. Wadudu kweli wamekufa, hilo sibishi. Lakini madumu manne yametoa ukungu. Ninyi hamkupata ukungu hata kwenye moja. Huku kwetu maharage ya msimu wa pili yanaiva mvua bado zipo. Umeandika 'yakaushwe vizuri.' Mwalimu, vizuri ni nini? Mkulima anang'ata punje moja anasema vizuri. Mimi naing'ata nasema bado."

Mwanahawa alitafuta kiti bila kuangalia, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Murungu walikausha kwenye jua kali, misimu yote miwili. Hakuwahi kujiuliza ingekuwaje bila jua lile. Wakaguzi wa jarida hawakuliona. Hata Daktari hakuliona.

"Umenishika," alisema.

"Sikutaka kukukosoa..."

"Hapana, nikosoe. Endelea. Hayo manne yalivunwa lini?"

Walizungumza mpaka salio la Felisiani likaisha, kisha Mwanahawa akapiga yeye. Alimweleza njia aliyosikia mahali, ya kutia maharage na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo na kuitikisa: chumvi ikishika kwenye kioo, maharage bado yana maji. Felisiani alisema hajawahi kuijaribu. Mwanahawa alisema hata yeye hajawahi kuipima sawasawa. Wakapatana waipime pamoja, Kakonko, msimu usipite, na kwa kuanzia Mwanahawa aende Jumamosi aone yale madumu manne kwa macho.

Alipokata simu, baba yake alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Nani huyo umemng'ang'ania hivyo?"

"Afisa kilimo wa Kakonko. Amesoma makala, anasema nimekosea mahali."

"Na unacheka?"

"Amesoma yote, Baba. Mpaka jedwali la tatu."

Mzee Mansuri alitikisa kichwa, akarudi kwa mteja wake. Mwanahawa alikuwa ameshainuka. Alipita nyuma kwenye rafu za chini, ambako chupa za kioo za zamani zilikaa na vumbi lao, akachagua mbili zenye vifuniko vinavyobana, akazipeleka uani kuzisuuza na kuzianika juani.